Uso Haukaliwi

Watu wa mtaani kwetu wananiita Kinyaa, na wala sikatai. Mimi ni fundi cherehani. Mtu akija kupimwa huku kwapa linanuka, namrudisha kwake akaoge. Kuna bwana harusi nilimwambia mbele ya mchumba wake, "Baba, hilo shati ulilovaa tulizike kwanza, ndipo tuzungumze habari za suti." Alikasirika, akaenda, akaoga, akarudi, na suti ilimkaa. Kitambaa kilicholala karibu na samaki sikigusi. Mteja anayelamba uzi eti anisaidie kutunga sindano, sindano hiyo namwachia aende nayo. Ndivyo nilivyoumbwa, mnisamehe. Lakini kinyaa cha kwapa na mate kinaisha kwa maji na sabuni. Kile walichonitia watoto wa Mama Fundi, mpaka leo nikikikumbuka chai inanikwama kooni.

Mama Fundi ndiye aliyenifundisha kazi. Hakunizaa, ila alinilea kwenye cherehani yake tangu nikiwa msichana nisiyejua kupiga hata pindo. Mtaa mzima ulivaa mkono wake, kuanzia vinguo vya watoto wachanga mpaka magauni ya mabibi harusi. Na alikuwa mkali, wacha! Mshono ukipinda hafumui yeye, anakutupia nguo usoni, "Fumua mwanangu, kabla haijanitia aibu."

Alikuwa na sheria zake za vitenge. Kitenge chema, alisema, hakina nyuma. Ukikigeuza, rangi ni ile ile, hakina cha kuficha. Na kitenge hakivaliwi kusitiri mwili tu, kinavaliwa kusema: hawa ni ukoo mmoja, hawa wana furaha, hawa wamefiwa. Kwa hiyo akikate mtu mwenye akili zake. Sheria kubwa kuliko zote ilikuwa ya kile kitenge cha picha, ambacho watu huchapishia sura ya mpendwa wao wakakivaa sare siku ya kumzika. Mkasi haupiti usoni, na uso haukaliwi. "Ukivaa sura ya mtu umembeba," aliniambia. "Mbebe kifuani, au mbebe mgongoni kama mtoto. Ukimshusha kwenye makalio umemfanya kigoda." Kitambaa kikipungua, bora gauni likose mikono kuliko uso kushuka. Nimeishika sheria hiyo maisha yangu yote.

Basi asubuhi moja nafuta vumbi la mashine, akaingia Dada Mkubwa, binti yake wa kwanza, amejimwagia manukato mpaka nikapiga chafya. Akatua mfuko juu ya meza ya kukatia.

"Dada, tuna kazi ya haraka. Sare ya familia."

Nikavuta kitambaa kutoka mfukoni. Nikakutana na Mama Fundi ananitazama.

Uso wake ulikuwa ndani ya duara la maua ya zambarau, na chini yake pameandikwa: Pumzika Mama Yetu Mpendwa. Tarehe hawakuweka. Uso ule ule, maneno yale yale, tena na tena mpaka mwisho wa kitambaa. Nilipiga ukelele, nikaketi sakafuni, mimi nisiyekaa sakafuni bila kupiga deki kwanza.

"Mama yangu mie! Lini? Mbona hamkuniambia? Jamani, lini?"

Dada Mkubwa alikimbilia mlango akaufunga. "Nyamaza wewe, watu watasikia! Hajafa."

"Hajafa?"

"Hajafa bado."

Nilijifuta machozi kwa tepu ya kupimia, maana ndiyo iliyokuwa shingoni. Lile neno "bado" nilitaka kulitema. Nikainuka, nikakung'uta gauni langu, nikamtazama yule mwanamke na kucha zake nyekundu zimelala juu ya shavu la mama yake.

"Daktari amesema moyo umechoka," akaanza kujieleza. "Ni siku zake tu. Na kitambaa cha picha huwezi kuagiza leo ukapata kesho. Umesahau msiba wa baba? Huku kijani, huku bluu, mashangazi na nguo zao za sokoni, watu walitucheka mpaka basi. Safari hii hatutaki aibu."

"Mama yako anapumua, na wewe umeshamwandikia pumzika?"

"Kujiandaa si dhambi."

Sasa nikaelewa kwa nini kila nikienda kumsalimia Mama Fundi siku hizi naishia mlangoni. Mara amelala, mara daktari hataki wageni, mara njoo wiki ijayo. Kumbe walikuwa wameshamaliza naye.

Dada Mkubwa hakuwa na habari na ninachowaza. Alikuwa ameshatoa simu ananionyesha mitindo. Gauni la kwanza, mgongo wazi. La pili, mpasuo mpaka pajani. Nikamuuliza kama tunakwenda msibani au tunakwenda kutafuta waume. Akacheka, akapitisha kidole, akafika kwenye la tatu. Hilo lilibana kama limemiminwa, na ua kubwa limekaa sawasawa juu ya makalio.

"Hili ni la Wifi, mke wa mdogo wangu. Anataka hivi hivi. Badala ya ua, uso wa mama ukae hapa, uonekane akitembea." Akajipiga kofi nyuma kunionyesha pahali penyewe.

Nikaisukuma simu pembeni. "Uonekane akitembea. Na akikaa?"

"Akikaa nini?"

"Akikaa, mama yenu atakuwa wapi?"

Alinitazama kama ninayesumbuliwa na homa. Binti wa fundi huyo, amekulia chini ya meza ya kukatia, ameokota vipande vya nguo na kusikia sheria zote pamoja nami. "Kama hutaki sema," akaniambia, "nimpelekee Chapchap."

Chapchap ni fundi wa ng'ambo ya barabara. Anakata kabla hujamaliza kueleza. Huyo angemtoboa Mama Fundi jicho ili apate kipande cha mkono, kisha akapiga mluzi. Nikauvuta mfuko upande wangu kwa vidole viwili, kama mtu anayeokota kitu kilichoangukia chooni, nikamwambia kazi nitaifanya.

Walitaka niwapimie nyumbani. Nikiulizwa, niseme nimekuja kusalimia tu. Haya, nikaubeba ule mfuko wa kitambaa, nikaenda.

Sebule ya Mama Fundi naijua kama kiganja changu, lakini siku hiyo ilikuwa na mapazia mapya yaliyonifanya nisimame. Mapazia ya kitenge, kitenge kizuri, rangi imezama pande zote mbili. Nikasema moyoni, hawa wamepata wapi akili ya kununua kitu kama hiki? Sikuuliza. Alikuwapo Dada Mkubwa, alikuwapo Wifi, na alikuwapo mume wa Wifi, kitinda mimba wa nyumba ile, ambaye tangu utotoni anaitwa Bosi kwa sababu hajawahi kunyanyua hata ndoo. Yeye alitaka shati refu la kufika magotini.

Bosi alikuwa anakula karanga za kukaanga. Anakula, anajipangusa mafuta ya vidole kwenye kile kitambaa, juu ya paji la uso la mama yake, anakula tena.

"Uniachie nafasi kidogo kiunoni," Wifi akaninong'oneza nikimzungushia tepu. "Hatujui itachukua muda gani, naweza kunenepa."

"Au tukonde kwa majonzi," akasema Bosi, mdomo umejaa. Wakacheka wote watatu, kile kicheko cha kubana pua ili kisitoke nje. Nilihisi kama nimemeza nywele. Mimi nina mazoea ya kutaja vipimo kwa sauti, maana Mama Fundi alinifundisha kwamba namba isiyotamkwa inasahaulika, na kila nikitaja walinifanyia "shh!" kwa pamoja.

Kutoka chumba cha nyuma mtu akagonga ukuta. Kicheko kikakatika. Akagonga tena, polepole.

"Anataka maji tu huyo," Wifi akasema. "Si tulimpa asubuhi?"

"Asubuhi?" nikauliza. Kivuli cha jua kilikuwa kimeshahamia upande wa pili wa sebule. Sikungoja jibu. Nilichukua bilauri ya maji nikaenda, na kwa hasira zangu nikabeba na kile kitambaa begani bila kujijua.

Nilipofungua mlango harufu ilinisukuma nyuma. Mkojo uliokauka, ukaloweshwa, ukakauka tena. Dirisha limefungwa. Juu ya stuli palikuwa na kikombe cha uji ulioganda na inzi anatembea juu yake kama yuko kwake. Na kitandani, juu ya shuka lenye ramani, Mama Fundi. Amekuwa mdogo, Mungu wangu, amekuwa kama mtoto. Na alichovaa! Mwanamke aliyevalisha mtaa mzima alikuwa amevaa fulana kuukuu ya tangazo la rangi za nyumba, imechanika kwapani, imeandikwa kifuani "Kuta Zako Zitang'aa".

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Umekuja na tepu?"

Nilikuwa nimeisahau shingoni. Nikamwinua kichwa, nikamnywesha maji, akanywa yote bila kupumua.

"Nimekusikia unataja namba," akasema. "Yule wa kiuno kikubwa ni mkubwa wangu. Amenenepa."

"Ni sare ya harusi, Mama."

"Harusi ya nani, watu wanapimwa kwa kunong'ona? Usinifanye mtoto. Lete hicho nikione."

Ningetaka kukimbia ningeweza. Sikukimbia. Nilikitandaza juu ya magoti yake, nikajiandaa kwa kilio. Mama Fundi akajitazama. Akasoma maneno. Kisha, badala ya kulia, akakigeuza kitambaa kama anavyofanya mnunuzi sokoni. Nyuma kilikuwa cheupe, maua yameonekana kwa mbali tu kama madoa ya chai. Akasonya sonyo refu ambalo nalijua tangu usichana wangu.

"Cha upande mmoja." Akalowesha dole gumba kwa mate, akasugua shavu lake mwenyewe kwenye kitambaa. Dole likatoka la zambarau. "Na kinachuja! Yaani hata kufa kwangu wameninunulia cha kuchuja." Akakisogeza karibu na macho. "Na hivi vidole begani kwangu ni vya nani?"

Sikuwa nimeviona. Picha waliikata kutoka kwenye ya harusi ya Bosi. Aliyesimama kando ya Mama Fundi wamemwondoa, vidole vyake vinne vimebaki.

"Nadhani ni vya mama yake Wifi."

"Nizikwe na vidole vya mkwe! Balaa gani hili." Akakisukuma kitambaa pembeni, nikaona amechoka. Akanishika mkono. "Sikiliza mwanangu. Chini ya kitanda kuna sanduku langu. Vitenge vyangu vimo, sikuwahi kuvikata, nilikuwa naviwekea siku nzuri. Chukua kimoja unishonee gauni. Nataka nguo nikiwa bado mtu. Sitaki kufa nimevaa rangi za nyumba."

Nikapiga magoti, nikalivuta sanduku. Lilikuja jepesi. Nilipoinua kifuniko nikakuta vidonge vya kufukuzia nondo vinabingirika kwenye pembe, basi. Hapo ndipo nilipoyakumbuka mapazia ya sebuleni. Nikakumbuka na kilemba alichofunga Wifi.

"Kipo kile cha kijani?" akauliza kutoka juu. "Hebu nionyeshe."

"Mama..."

"Hakipo?"

"Hakuna kitu, Mama."

Kwa picha hakulia. Kwa vitenge alilia. Alilia bila sauti, mdomo wazi, na mimi nimeshika kifuniko cha sanduku sijui nikiweke wapi. Nilitaka kutoka niwatapikie wale watu mapajani. Nilimbadilishia shuka, nikafungua dirisha, nikautupa uji pamoja na kikombe chake. Na niwaambie kitu, mimi Kinyaa sikuona kinyaa hata chembe. Mkojo wa mgonjwa si uchafu. Uchafu ulikuwa sebuleni unakula karanga.

"Nikuchemshie maji uoge," nikamwambia.

"Hapana. Wewe nishonee. Kuoga, nitaogeshwa na niliyemzaa." Alisema hivyo akiutazama mlango. "Mimi niliwaogesha wote. Kila siku nawasikia wanapita hapo nje. Nataka mmoja aingie na maji, basi. Nikishaoga na nikavaa nguo yangu, huo moyo uliochoka uende unakotaka."

Nikakaa kando yake, nikampima akiwa amelala. Nilinong'ona vipimo, maana vilinitia uchungu kuvitaja. Ili nimchangamshe nikaanza kumsimulia mitindo yao, mgongo wazi, mpasuo, na mwisho kwa hasira nikamtajia ya Wifi na pahali alipotaka uso ukae. Mama Fundi akaacha kulia. Akanitazama. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, ikabidi nimpige mgongo.

"Wape," akasema.

"Niwape nini?"

"Wote wape hivyo hivyo. Wifi, mkubwa wangu, na Bosi pia. Uso ukae palepale."

"Mama, uso haukaliwi!"

"Sheria ni ya nani?"

"Yako."

"Na uso ni wa nani?"

Nikaikunja tepu, nikakibeba kitambaa.

Nyumbani nilitoa kitenge changu mwenyewe. Siku nilipohitimu kazi, Mama Fundi alinipa kitenge kizima, kijani chenye majani ya njano, akaniambia, "Kikate siku utakapojiona fundi." Sikukikata. Kila nilipokishika nilijiona bado. Mwanamke akikupa kitenge kisichokatwa amekupa imani yake, na mimi niliogopa kuitia mkasi. Siku hiyo nilikata bila kuogopa. Gauni pana, shingo ya duara, mikono ya kufika viwikoni, bitana laini kwa ajili ya ngozi ya mgonjwa. Lilijishona lenyewe.

Yale mengine nilishona nikiwa nimekunja uso kama mtu anayesafisha utumbo. Vidole vilinibaki vya zambarau. Kila nilipolalia meza na chaki kuweka alama, Mama Fundi ananitazama kutoka kwenye kitambaa, nami namwambia, "Ni wewe umesema, mimi simo." Mbele niliweka maua na maneno. Nyuma, chini ya kiuno, katikati kabisa, uso mzima haujaguswa na mkasi. Hiyo sheria sikuivunja.

Siku ya kujaribisha nilifika na mifuko miwili. Wakavaa, wakarudi sebuleni wanajipangusa na kujishika viuno. Nitasema kweli, niliwashona vizuri. Nguo mbaya inaniaibisha mimi.

Dada Mkubwa akajiangalia kifuani. "Uso uko wapi?"

"Nyuma, kama wa Wifi. Si mlisema sare? Sare ni sare."

"Safi sana!" Wifi akasema, akajizungusha. Mtu hajioni nyuma, na kila mmoja alikuwa bize na mbele yake. Bosi akauliza kama anaweza kukaa aone shati lisije likabana.

"Subiri kidogo," nikamwambia. "Msikae kwanza. Nakuja."

Mama Fundi alikuwa ameshaketi kando ya kitanda ananingoja. Nikamvua ile fulana ya rangi za nyumba, nikamvalisha. Akaligeuza pindo kwanza, akaangalia mshono wa ndani. Hakusonya. Akalipapasa lile jani la njano, akalitambua.

"Umekikata," akasema.

"Nimekikata, Mama."

"Sasa nishike."

Tulitoka polepole, yeye ameng'ang'ania mkono wangu, mwepesi kama nguo iliyokauka. Tulipoingia sebuleni, Bosi alikuwa na karanga mkononi, zikamwagika. Wakasimama pale watatu, vifua vyao vyote vimeandikwa Pumzika Mama Yetu Mpendwa, na mama mwenyewe anawatazama. Dada Mkubwa akayafunika maneno kwa kiganja. Akakuta mengine chini yake. Akayafunika kwa kiganja cha pili. Bado yapo tumboni.

"Shikamoo Mama," akasema Bosi, kwa sauti ya mtoto aliyekojoa kitandani.

"Marahaba wanangu. Mmependeza." Mama Fundi akajishusha kwenye kiti chake karibu na dirisha. Akayagusa mapazia, akayageuza, akayaachia. "Hebu geukeni niione kazi ya mwanafunzi wangu."

Wakageuka, wangefanya nini? Nyuso tatu za Mama Fundi zikamtazama Mama Fundi.

"Mkono mzuri," akaniambia. "Haya, kaeni. Mbona mmesimama kama wageni?"

Bosi ndiye wa kwanza kutafuta kochi. Alikuwa ameshainama, mbele ya macho ya dada yake, na hapo Dada Mkubwa akaona. Akaona uso wa mama unashuka kwenye kochi. Wengine wangeona picha tu, yeye aliona sheria aliyoisikia tangu anatambaa chini ya meza ile.

"Usikae!" akapiga kelele. "Bosi, usikae!"

Bosi akabaki magoti nusu. Wifi akajipapasa nyuma, akageuza shingo, akaelewa, akarudi ukutani akaubandika mgongo. Kisha naye akashtuka, maana sasa alikuwa amembana mama mkwe ukutani, akaruka mbele.

"Kaeni," Mama Fundi akasema tena.

Hakuna aliyekaa.

"Mnaona haya?" Sauti yake haikupanda. "Nimelala kwenye mkojo wangu hamkuona haya. Nimegonga ukuta kwa kiu, mkacheka. Mmelifungua sanduku langu nimelala usingizi palepale juu yake, mkanitungikia vitenge vyangu dirishani. Na leo kitambaa cha upande mmoja, kinachochuja, ndicho kinawasimamisha? Kaeni! Hiyo ni picha. Mimi niko hapa."

Wifi akaanza kulia. Bosi alitazama karanga zake sakafuni. Mimi niliwatazama, na kinyaa changu kilikuwa kile kile cha siku ya kwanza, hakikupungua. Nilidhani ningefurahi. Wapi.

"Mama, tutavua," Dada Mkubwa akasema, anapapasa zipu. "Tunavua sasa hivi, tutazichoma."

"Usivue. Wewe ndiye niliyekuzaa kwanza, na nilikuogesha wa kwanza. Nenda kachemshe maji. Nataka kuoga."

Dada Mkubwa akasimama vile, machozi na wanja vinamfika kidevuni. Nikaogopa. Nikajua kama huyu atatafuta kisingizio sasa, atasema atafutwe msichana wa kazi, au kesho, au mimi nifanye, basi yule mama pale kitini atafia palepale. Akanitazama mimi, nikaangalia pembeni. Ndipo nikasikia viatu vyake anavivua kimoja kimoja, akaenda jikoni, na bomba likafunguliwa.

Mle bafuni nilikuwamo kwa sababu ya kumshika tu. Tulimvua gauni lake nikalitundika mlangoni. Tukamkalisha kwenye kigoda, na Dada Mkubwa akapiga magoti kwenye sakafu yenye maji, na lile gauni lake la sare, akaanza kumwogesha. Mwanzoni alimgusa kwa ncha za vidole. Mama Fundi akamwambia, "Sugua, mimi si yai." Akasugua. Shingo, makwapa, vidonda vya kulalia ambavyo alipoviona aliacha sabuni ianguke. Akaiokota. Akaendelea.

Maji yalimrukia na yeye akalowa chapachapa, na kitambaa kikaanza kuchuja. Zambarau ikateremka mapajani mwake. Yakaondoka maua, yakaondoka maneno. Alipogeuka kuchota nikauona uso, macho yameshayeyuka, vile vidole vya mkwe ndivyo vilivyokuwa vinang'ang'ania. Rangi yote ikaingia kwenye beseni.

Mama Fundi akachungulia yale maji.

"Huyo ni mimi ninayekwenda hivyo?" akauliza.

Dada Mkubwa akalishika beseni kwa mikono miwili.

"Mwaga. Uniletee mengine, masafi."

Akabeba beseni akatoka nalo uani. Tukasikia maji yanamwagika, na baada ya maji tukasikia kilio. Alilia kwa sauti, kilio kizima cha msibani, anaita mama, mama, mama yangu mie, mpaka mbwa wa jirani akabweka. Mama Fundi alikuwa ameketi uchi kwenye kigoda chake, povu mgongoni, kichwa amekiinamisha upande mmoja, anamsikiliza. Alisikiliza kwa muda. Kisha akanivuta gauni.

"Kamwambie anyamaze, watu watasikia," akasema. "Mwambie sijafa bado. Na maji yanapoa."